Ekzosi ya pikapu haipimwi kwa kelele

Mwenye pikapu akija gereji kwa ajili ya ekzosi, aghalabu neno lake la kwanza ni kelele. "Fundi, gari linanguruma, nipunguzie." Ni nadra kumsikia mtu akisema, "Fundi, gari linatuingizia moshi." Nimelala chini ya magari hapa Mombasa kwa zaidi ya miaka ishirini, na nilichokiona ni kuwa kelele ndiyo hasara ndogo kabisa ya bomba lililotoboka. Hasara kubwa haisikiki, na sehemu yake moja haionekani wala hainuki.

Kwa hivyo leo nataka nieleze ekzosi ya pikapu ya dizeli ina kazi gani, kwa nini hapa kwetu Pwani huoza haraka, na ukifika wakati wa kuibadilisha kazi hiyo yafaa ifanywe vipi. Si lazima uifanye kwa mikono yako. Lakini ukiielewa, hakuna atakayekuuzia kiraka kwa bei ya bomba zima.

Moshi unapita wapi

Tuanze mbele. Moshi ukitoka kwenye silinda huingia manifoldi, kile chuma kizito kilichofungwa ubavuni mwa injini. Kwa pikapu zenye turbo, kama Hilux na D-Max nyingi za miaka ya karibuni, moshi huo huizungusha turbo kwanza. Kisha hushuka kwenye bomba la mbele, ukapita bomba la katikati, ukaingia silensa, na mwisho ukatoka nje kwa mkia. Magari mapya zaidi yana katalisti, yaani kikasha cha kusafishia moshi, na mengine yana chujio la masizi ambalo mafundi huliita DPF. Baina ya kipande na kipande kuna flangi mbili zilizobana gasketi, na bomba lote linaning'inia chini ya chasi kwa raba.

Silensa ndiyo inayotuliza kelele. Lakini urefu wote ule, kutoka injini hadi nyuma ya bodi, una kazi kubwa zaidi ya hiyo: kuuchukua moshi na kuutupa mahali ambapo hakuna mtu anayepumua. Ukishalielewa hilo, utaona kuwa tundu chini ya miguu ya dereva na mkia uliokatwa mfupi ni ugonjwa mmoja, hata kama gari halipigi kelele.

Ndani ya moshi mna nini

Mwezi Juni mwaka 2012, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Hiyo ni hatari ya miaka mingi, na inawahusu zaidi madereva, mautingo na sisi mafundi tunaouvuta kila siku.

Kuna na hatari ya siku moja. Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksidi. Ni kweli injini ya dizeli huitoa kwa uchache kuliko ya petroli, na hapo ndipo watu wengi hujidanganya. Uchache si kutokuwepo, na injini iliyochoka au yenye nozeli mbovu huitoa zaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Ukiivuta, hushikana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na damu ikakosa nafasi ya kubeba hewa safi. Mtu huanza kuumwa na kichwa, akasikia kichefuchefu, kizunguzungu na usingizi mzito. Mtoto akilala safarini wazee husema amechoka. Huenda amechoka kweli, na huenda sivyo.

Mteja wangu mmoja, mfanyabiashara wa samaki, aliniletea pikapu akilalamika kuwa haina nguvu ikipanda mlima. Nilipoiinua nikakuta bomba la mbele lina tundu la kupitisha kidole chini ya sakafu ya dereva, na mkia umekatwa ukaishia chini ya katikati ya bodi. Bomba lilikuwa limeshatiwa viraka vitatu. Nikamuuliza kama kuna mtu huumwa na kichwa ndani ya gari. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kuwa wanawe hutapika kila wakienda kwa bibi yao Mambrui, na yeye akidhani ni mabonde ya njia. Watoto walikuwa wakikaa nyuma, chini ya turubai. Gari likienda, hewa nyuma yake huwa nyepesi na huuvuta moshi kurudi ndani ya turubai. Mkia ule mfupi ulikuwa ukiwapumulia moja kwa moja kupitia matundu ya kutolea maji ya bodi. Tulibadilisha bomba lote, tukafikisha mkia nje ya bodi. Safari iliyofuata, hakutapika mtu.

Basi likumbuke hili: kichwa kikiuma ndani ya gari na kikapoa ukishuka, lishuku bomba. Na mtu akizidiwa, mtoeni nje apate hewa na mumkimbize hospitali, hata kama aonekana amepata nafuu. Mwambieni daktari wazi kuwa alikuwa kwenye moshi wa gari, kwa sababu kile kifaa cha kubana kidole hakiwezi kuitofautisha gesi hii na oksijeni. Kinaweza kuonyesha damu iko sawa ilhali haiko.

Kwa nini Pwani bomba halidumu

Watu hulaumu bahari peke yake. Chumvi ya bahari kweli inakula chuma, na gari linaloteremka ufuoni kupakia samaki au linalobeba chumvi kutoka Gongoni na Marereni hupata sehemu yake maradufu. Lakini bomba huoza kutoka ndani pia.

Dizeli ikiungua huzaa maji. Kila lita moja ya dizeli hutoa takriban lita moja ya maji kwa umbo la mvuke. Safari ikiwa ndefu, bomba hupata moto na mvuke wote hutoka. Safari ikiwa ni ya kutoka Bamburi hadi Kongowea na kurudi, au gari likikaa foleni ya feri Likoni injini ikiwaka, silensa haipati moto wa kutosha. Mvuke hugeuka maji, yakatulia chini ya silensa, yakachanganyika na asidi ya salfa na masizi. Tangu mwaka 2015 dizeli yetu ya Afrika Mashariki imeshushwa salfa hadi sehemu 50 kwa milioni, na hilo limesaidia, lakini maji yako pale pale. Ndiyo maana silensa hutoboka chini hata ikiwa juu inang'aa.

Ukitazama vizuri utaona silensa nyingi zina kitundu kidogo sana upande wa chini. Hicho kimewekwa na kiwanda ili maji yatoke. Usimruhusu mtu akizibe akidhani ni kutu.

Utajuaje limekwisha

Gari likiwa baridi, asubuhi, washa injini na usikilize. Mlio wa "pu-pu-pu" unaopungua gari likipata moto, mara nyingi ni gasketi ya manifoldi, kwani chuma kikipanuka hubana upenyo. Kisha chungulia kwenye maungio. Penye alama nyeusi ya masizi, moshi unapita.

Bado injini ikiwa baridi, mwombe mwenzio aibanie nyuma ya mkia kitambaa kinene kwa sekunde chache tu, naye asimame kando asivute moshi. Wewe sikiliza mbele: penye tundu patapiga mluzi. Ukinyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio utaona mapovu. Halafu zima injini, chukua bisibisi na ubonyeze bomba sehemu zenye kutu. Likiitikia kama chuma, lina uhai. Bisibisi ikizama au chuma kikitoka magamba, hakuna tena cha kuchomelea.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kuna ukuta ambao ufa wake hauzibiki. Chuma kilichobaki chembamba kama karatasi kikichomelewa, moto hukitoboa kandokando ya kiraka, na baada ya wiki chache umerudi pale pale. Kanuni yangu ni hii: tundu moja kwenye bomba ambalo kwingineko ni zima, chomelea. Matundu mawili kwenye kipande kimoja, badilisha kipande. Kama silensa imeoza na mabomba ya pande zake yamechakaa, badilisha kuanzia gasketi ya mbele hadi mkia. Jumlisha ulizolipa kwa viraka vya mwaka mzima uone kama hazikukaribia bei ya bomba jipya.

Kununua

Una njia tatu: spea mpya ya kiwanda, spea mpya ya kampuni nyingine, au bomba la kutengenezwa na fundi. Zote zaweza kufaa. Bomba lililotumika kutoka ng'ambo pia lipo sokoni, lakini lipige bisibisi kabla ya kutoa pesa.

Ukitengenezewa, angalia mambo manne. Kwanza, kipenyo kisipungue kile cha asili. Injini yenye turbo hutaka moshi utoke kwa wepesi. Ukiibana, joto hupanda, nguvu hupungua na turbo huumia. Pili, kona ziwe za mviringo, zisiwe zimekunjamana kama mkono wa shati. Tatu, uliza chuma chenyewe. Chuma cha kawaida ni rahisi lakini kwetu hapa hakina maisha. Kilichopakwa alumini hudumu zaidi, na chuma cha pua hudumu kuliko vyote, ingawa bei yake yataka mfuko.

Nne, na hili nalisisitiza, usikubali bomba la maji lenye zinki. Nimeyaona mara nyingi, kwa sababu yapo kila duka la vifaa vya ujenzi. Zinki huyeyuka kwa digrii 420, na moshi wa dizeli karibu na injini, gari likiwa na mzigo, hupita hapo. Tena fundi anayelichomelea huvuta moshi wa zinki, na jioni akapata homa na baridi kama mwenye malaria.

Pamoja na bomba nunua gasketi mpya zote, raba mpya, bolti na nati mpya. Raba ya zamani iliyokauka itapasuka, bomba litaning'inia, na flangi mpya itavunjika kwa mtikisiko.

Kazi yenyewe

Gari liwe limelala, liwe baridi kabisa. Usiku wa kuamkia kazi, nyunyizia maungio yote mafuta ya kulegeza kutu, na uyarudie asubuhi. Kwa gari la Kijapani, spana namba 12, 14 na 17 hufanya sehemu kubwa ya kazi.

Weka vizuizi kwenye magurudumu, inua kwa jeki, kisha liegemeze gari juu ya stendi za chuma. Jeki ni ya kuinulia, si ya kumlinda mtu. Hapa kwetu ardhi nyingi ni mchanga, kwa hivyo chini ya jeki na ya kila stendi weka ubao mpana au bamba la chuma. Lisukume gari kwa mkono kabla ya kuingia chini, likitikisika, usiingie. Vaa miwani ya kazi, kwa sababu kutu huangukia machoni.

Gari likiwa na sensa kwenye bomba, chomoa plagi zake kwanza. Kisha fungua kuanzia nyuma. Toa mkia na silensa, raba ukizipaka maji ya sabuni ziteleze, huku mwenzio ameshikilia uzito. Fuata bomba la katikati, na la mbele liwe la mwisho. Bolti za katikati zikigoma, zikate, kwani unazo mpya. Zile za turbo na manifoldi usizikate wala usizipige nyundo. Studi ikivunjikia ndani, kazi ya saa moja hugeuka kazi ya siku mbili, na huenda manifoldi yote ikashushwa. Hapo hutakiwa subira, mafuta, na pengine moto wa gesi mikononi mwa fundi anayejua mabomba ya dizeli na ya breki yamepita wapi, na kizima moto kikiwa karibu.

Kama kuna kuchomelea juu ya gari, toa nyaya za betri kwanza. Umeme wa mashine waweza kuunguza altaneta na kompyuta ya gari.

Kufunga huanzia mbele. Safisha nyuso za flangi hadi zing'ae, weka gasketi mpya, tia grisi ya shaba kwenye nyuzi za bolti ili siku nyingine zifunguke. Kaza kwa vidole tu. Ning'iniza bomba lote kwenye raba, kisha litazame kwa urefu: lisiguse chasi, shafti, nyaya za breki ya mkono, tangi wala gurudumu la akiba lililoning'inia nyuma. Kote huko upite angalau upana wa vidole viwili. Likishakaa sawa, ndipo ukaze kwa spana, kutoka mbele kwenda nyuma. Fundi anayekaza kipande kimoja kimoja huishia na bomba lililojipinda, nalo hupasuka kwenye ungio dhaifu.

Rudisha bati zote za kukinga joto. Watu huzitupa kwa sababu zinagonga. Bila bati hizo, ukiegesha kwenye nyasi kavu au juu ya makuti makavu, waweza kuwasha moto ambao hukuutarajia.

Ukiwasha injini mara ya kwanza, bomba litafuka moshi kidogo na kunuka rangi. Hayo ni mafuta ya kiwandani yanaungua. Fanya kazi hiyo nje, si ndani ya gereji iliyofungwa. Rudia jaribio la kitambaa na sabuni. Baada ya siku mbili tatu za safari, gari likiwa baridi, kaza tena kila nati.

Msiikate

Kuna mtindo siku hizi wa kutoa silensa, kutoboa katalisti au kukata chujio la masizi, eti gari lipate nguvu na sauti ya kiume. Tundu mbele ya turbo huipotezea gari nguvu, na kelele haimsukumi mtu mlimani. Chujio la masizi lililoziba huonyesha kuna shida kwingine, mara nyingi ni nozeli au safari fupi fupi zisizolipa nafasi ya kujichoma masizi yake. Ukilikata, ugonjwa umebaki na dawa umeitupa. Isitoshe, Kenya ina kanuni za kelele za mwaka 2009 na za ubora wa hewa za mwaka 2014, na gari la biashara hupelekwa ukaguzi kila mwaka. Na vichochoro vyetu vya Mji wa Kale ni vyembamba. Moshi unaouachia hapo huingia dirishani kwa mtu aliyelala.

Kulitunza

Ukitoka ufuoni au kubeba chumvi, osha chini ya gari kwa maji matamu siku hiyo hiyo, si mwisho wa wiki. Angalau mara moja kwa wiki lipe gari safari ya nusu saa au zaidi likiwa na moto wake, silensa ikauke. Kila ukibadilisha oili, mwombe fundi achungulie raba na maungio. Haimchukui dakika tano.

Na kabla ya kupakia watu kwa arusi, mazishi au kwenda shamba, fanya jambo moja. Washa gari, zunguka nyuma, utazame mkia wa bomba unaishia wapi. Ukiishia chini ya bodi wanapokaa watu, watu hao wasipande mpaka urekebishwe. Mwenye gari akisema hakuna kelele, mjibu kwa upole kuwa hukuuliza kelele.